Fildi Ishirini Kati ya Mia

Mke wangu ni mpimaji wa damu na mimi ni fundi wa kufuli. Watu wa mtaani wenye midomo yao walishatumalizia kazi ya kujieleza: mmoja anachungulia, mwingine anafungua, nyumba hiyo haiwezi kuwa na siri. Zamani tulikuwa tunacheka nao. Siku hizi wakianza utani huo mimi huinamia ufunguo niliobana kwenye jiriwa, nikajifanya naangalia meno yake.

Nataka kueleza habari za mke wangu, kwa sababu zinasimuliwa vibaya, na anayefaidika na ubaya huo ni mimi.

Nyumbani anaitwa Mama Pacha, maana watoto wetu wawili walikuja siku moja, na sasa wako shule ya bweni. Kazini walikuwa wanamwita Jicho. Maabara yake ni chumba cha mwisho kwenye veranda ya kituo cha afya. Kuna meza ya saruji iliyobandikwa vigae vyeupe, sinki lililoingia rangi ya zambarau isiyotoka hata ulisugue vipi, waya wa kupangia slaidi, vile vioo vya kutandazia damu, zikauke, na hadubini ambayo haruhusu mtu mwingine kuifunika ila yeye. Ndani, karibu na mlango, kuna benchi la wagonjwa. Ncha za vidole vyake nazo ni za zambarau mwaka mzima. Tulipooana shangazi yangu alinivuta pembeni akaniuliza kwa heshima kama ule ni ugonjwa na kama unaambukiza.

Sheria moja ya kazi yake lazima uijue, la sivyo hutanielewa. Ukichungulia kwenye lenzi unaona duara moja la mwanga, na ndani yake damu iliyotiwa rangi. Duara hilo wao wanaliita fildi. Unazungusha skrubu ya pembeni, slaidi inasogea kidogo, unapata fildi nyingine. Ukiviona vimelea vya malaria hata kwenye fildi ya kwanza, umeviona. Lakini kuandika kwamba havikuonekana, huruhusiwi mpaka upite fildi mia moja. Si tisini wala tisini na tisa. Mke wangu alikuwa akirudi jioni macho yamemwiva, ananiambia leo nimesema hapana mara thelathini, yaani fildi elfu tatu, hebu nisaidie kuosha vyombo.

Mimi nilikuwa mume wa kuuliza maswali. Kazi yangu ni milango, na mtu wa milango akisikia kuna mdudu anaingia ndani ya chembe ya damu bila kuipasua, hawezi kulala na swali hilo. Nilimuuliza anaingiaje. Alinieleza akiwa anachambua mchele, na alinieleza taratibu, kwa sababu alijua nitamkatiza.

Alisema mbu akishakuuma, vimelea hukimbilia kwenye ini kwanza, wakakaa siku kadhaa wakizaliana, wewe huna habari. Wakitoka huko kila mmoja anatafuta chembe nyekundu ya damu. Anaigusa popote, kisha anajigeuza mpaka kichwa chake kilichochongoka kielekee kwenye ngozi ya chembe. Hapo anashika. Panatokea mshikano wa duara baina yake na ile ngozi, kitu kama pete, na yeye anajivuta kupita katikati ya ile pete huku akijifunika kwa ngozi hiyohiyo ya mwenye nyumba. Akishaingia, tundu linajifunga nyuma yake. Yote hayo dakika haifiki.

Niliona wivu wa kifundi. Nikamwambia huyo si mwizi, huyo ni fundi, maana mwizi huacha kitasa kimening'inia. Akasema subiri, bado hujasikia anachofanya ndani.

Ndani anakula. Ile rangi nyekundu inayobeba hewa ndiyo chakula chake, na mabaki yake yanabaki kama masizi meusi. Kisha anaikarabati nyumba ya watu apendavyo. Anatoboa njia zake mwenyewe kwenye ukuta ili apate mahitaji kutoka nje. Anapeleka vitu vyake mpaka juu ya ngozi ya chembe, ngozi inaota vinundu. Chembe ya kawaida ni laini, inajikunja ikapita kwenye mishipa myembamba kuliko yenyewe; hii yake inakuwa ngumu. Sasa chini ya mbavu za kushoto kuna bandama, na kazi ya bandama ni kuchuja damu na kukamata chembe mbovu. Kimelea hataki kufika huko. Kwa hiyo vile vinundu vinamsaidia kung'ang'ania ukuta wa mshipa, akabaki palepale, kwenye ubongo au kwenye figo, mpaka zitimie kama siku mbili tangu aingie. Hapo chembe inapasuka, wanatoka wengine kumi na kitu, hata thelathini, kila mmoja anatafuta nyumba yake.

"Ndiyo maana kwenye kidole tunaona watoto tu," alisema. "Vipete vidogo. Wakubwa wamejibanza huko ndani."

Nilikumbuka maneno hayo baadaye, kwa matumizi mabaya.

Sasa mama yangu. Baba alipofariki alihamia kwetu, akachukua chumba kinachotazama ua, akaja na kiti chake, redio yake na kapu la nyuzi. Alikuwa anafuma fulana za watoto wachanga kwa sindano ya ndoano, na hakuna mtoto aliyezaliwa mtaani kwetu bila kupitia mikono yake. Alimpenda mkwewe kwa kelele. Mgeni akikaa dakika tano ataambiwa, mkwe wangu mimi anaona visivyoonekana, mkwe wangu akisema huna kitu, huna kitu, nenda kalime.

Lakini mama alikuwa na jambo lake. Kila tulipopanga kwenda kuwasalimu wazazi wa mke wangu, anaumwa. Safari ya kwanza ilikuwa moyo. Alishika kifua mpaka mifuko ikarudishwa ndani, na saa moja baadaye nikamkuta jikoni anatafuna mfupa. Safari ya pili ilikuwa mguu, na hakukumbuka vizuri ni upi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaogopa kubaki peke yake na hakujua kulisema. Sisi tukalipa jina, tukaita homa ya safari, tukawa tunacheka chumbani tukiwa tumeziba midomo kwa mto. Jina nilitunga mimi. Nakiri nilijiona mcheshi.

Mdogo wake mke wangu akajifungua. Tukapanga kwenda Jumamosi. Alhamisi asubuhi mama akasema anasikia baridi.

Nilitaka kumaliza mchezo mapema. Nikamwambia vaa, twende ukapimwe. Tulikwenda kwa miguu, si mbali, yeye amejifunga shuka begani na jua linawaka. Njiani alisimama mara mbili kushika ukuta, na mimi nilisimama naye nikiangalia saa. Veranda ya kituo ilikuwa imefurika. Vile vipimo vya haraka vya kudondosha tone na kusoma mstari vilikuwa vimeisha tangu Jumatatu, kila homa ilikuwa inakwenda kwenye hadubini ya mke wangu. Watu walikuwa wamekaa mpaka kwenye ngazi. Mimi nilimpitisha mama katikati yao kama mtu mwenye kibali, nikamkalisha kwenye benchi la ndani. Wakanung'unika, na walikuwa na haki.

Mke wangu alikuwa sinkini anasuuza slaidi. Nilimsogelea sikioni.

"Ni homa yetu ya safari," nilimwambia. "Mpime tu aridhike."

Akatabasamu. Hilo tabasamu ndilo linaloniuma, kwa sababu mimi ndiye niliyelitafuta. Kisha nikarudi kwenye kibanda changu, ambako mteja alikuwa ananisubiri na kufuli iliyomeza ufunguo.

Yaliyofuata aliniambia yeye mwenyewe. Alimchoma mama kidole, akatandaza tone kwenye kioo, akalikausha, akalitia rangi, akasubiri dakika zake zote. Hapo hakupunguza kitu. Alipoweka kioo kwenye hadubini, nje mtu alikuwa analalamika kwa sauti kwamba hapa wanapimwa ndugu tu. Akaanza kusogeza. Fildi ya kwanza safi, ya tano safi, ya kumi safi. Kichwani mwake jibu lilikuwa limeshaandikwa na mimi. Kwenye ya ishirini alisimama, akachukua kalamu, akajaza kwenye fomu kwamba vimelea havikuonekana. Anajua zilikuwa ishirini kwa sababu huwa anahesabu, hata akiwa hana nia ya kufika mwisho.

Mama akapewa vidonge vya maumivu na akaambiwa arudi homa ikiendelea. Ijumaa alishinda amelala. Nilipompelekea uji jioni alinishika mkono, mkono wake ukiwa wa moto, akasema, mwanangu, mimi naumwa kweli. Nikacheka. Nikamwambia, mama, damu yako imeangaliwa na mkweo mwenyewe, unataka kubishana na Jicho? Nilimrudishia majigambo yake, nikaona nimempata. Akauachia mkono wangu, akageukia ukutani.

Jumamosi alfajiri tuliondoka. Tulimwomba jirani, mama mmoja fundi cherehani ambaye ukuta wake na wetu ni mmoja, amtupie jicho. Mke wangu alisita mlangoni. Alisema mama ana joto jingi. Mimi ndiye niliyebeba mfuko nikatangulia.

Hatukupata hata kumshika mtoto vizuri. Mchana fundi cherehani akapiga simu, akasema mama anaongea na marehemu baba kuhusu paa linalovuja, na akimwita haitiki. Tulirudi bila kuaga sawasawa. Njia nzima mke wangu alikuwa anakunja na kukunjua kitambaa tulichompelekea mtoto tukasahau kukitoa.

Tulimkuta mama ameshafikishwa hospitali kubwa na majirani, si na sisi. Kidole kilikuwa kimepimwa upya. Daktari, mwanamke mwenye sauti ya taratibu, alituambia malaria imepanda kichwani, na figo nazo hazifurahishi. Ameanzishiwa sindano za mshipa. Tulipouliza atapona alijibu kwamba tumsubiri. Siku tatu mama alilala bila kujua yuko wapi, mdomo wazi, na mimi niliyekuwa nikimcheka kwa kuigiza nilikaa pale nikimwomba aigize tena. Angefungua jicho moja tu kuchungulia kama tumerudisha mifuko ndani, ningembusu miguu.

Jumapili daktari alimuuliza mke wangu kama mgonjwa aliwahi kupimwa kabla. Akajibu ndiyo, Alhamisi, hakuonekana na kitu. Nani alipima? Akasema, mimi. Daktari alimwangalia vidole, akaelewa, na akafanya jambo la huruma ambalo sijui kama lilitusaidia.

"Usijilaumu," alimwambia. "Hawa hujificha. Wanang'ang'ania kwenye mishipa huko ndani, kidole kinatoka kisafi. Inatokea."

Moyo wangu ulishuka mahali pake. Nikayadaka maneno hayo kama aliyerushiwa kamba. Nilimkumbusha mke wangu kwamba hata yeye alishaniambia hivyo akichambua mchele: wakubwa wanajibanza. Nilimpigia shangazi simu nikamweleza habari za vinundu na bandama mpaka salio likakatika. Nilizungumza kama profesa. Mke wangu alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, ananisikiliza ninavyoitumia elimu yake, na uso wake haukuwa na kitu.

Slaidi hazitupwi. Zinakaa kwenye boksi lenye namba, maana kila baada ya muda wakaguzi huja wakachagua baadhi na kuzisoma upya. Jumatatu mchana alinipigia niende maabara. Nilikuta amefunga mlango na kuandika nje kwamba yuko chakulani. Kioo cha mama kilikuwa kwenye hadubini. Akaniambia nitazame.

Mara ya kwanza niliona kope zangu tu. Akanirekebishia lenzi. Kisha nikaona duara la mwanga, ndani madoa ya zambarau, na katikati, peke yake, kipete chembamba chenye kitone chekundu. Kando yake kingine. Vilikuwa vizuri, samahani kwa kusema hivyo. Vilikuwa kama kazi ya sonara.

"Hii ni fildi ya ishirini na sita," alisema mke wangu. "Ya thelathini na tatu kuna kimoja. Ya arobaini viwili. Havikujificha."

Nilijua maana yake. Zilikuwa zimebaki fildi sita. Kuzungusha skrubu mara sita, muda wa kupiga chafya na kupangusa pua. Nilipaswa kuketi chini. Nilipaswa kumwambia, ni mimi. Badala yake akili yangu ya kufungulia milango ikaenda moja kwa moja kwenye mlango wa kutokea.

"Ioshe," nilimwambia. "Daktari ameshasema mwenyewe. Nani atajua?"

Aliniangalia kwa muda, si kwa hasira. Aliniangalia kama anavyoangalia slaidi.

"Wewe nenda," alisema. "Niache nifanye kazi."

Alifungua daftari la majibu, akakata mstari mmoja juu ya jibu la Alhamisi ili lisomeke bado, akaandika la kweli pembeni na kutia sahihi. Kisha akaenda kwa mkuu wa kituo kwa miguu yake. Alimwambia aliangalia fildi ishirini tu, na kwamba yeye mwenyewe siku hiyo hakuumwa wala hakuchoka. Mkuu, ambaye alikuwa amezoea watu wanaokana mpaka jasho liwatoke, hakujua aanzie wapi. Alimwandikia barua ya onyo, na kwa miezi mitatu kila slaidi aliyosoma ilisomwa tena na kijana aliyemaliza chuo juzi. Miaka kumi na tisa kwenye kiti kile. Jina la Jicho lilikufa wiki hiyohiyo. Wakampa jingine, wakadhani halisikii: Ishirini.

Mama alifumbua macho siku ya nne. Kwanza aliulizia redio yake, na muuguzi akacheka kwa furaha. Alikuwa amekonda, sauti imekuwa ya uzi, na mikono inatetemeka. Walituambia labda itatulia. Haikutulia. Sindano ya ndoano hawezi kuiingiza kwenye kitanzi tena, na kapu la nyuzi liko juu ya kabati.

Alipopata nguvu ya kukaa na mto mgongoni, mke wangu alivuta kiti karibu. Mimi nilikuwa nimesimama miguuni mwa kitanda na chupa ya chai mkononi. Hakuniambia kama siku hiyo ndiyo angesema. Alimweleza mama yote, kwa lugha nyepesi, kama anavyoeleza wagonjwa: sheria ni mia, mimi niliangalia ishirini nikaacha, na vimelea walikuwepo, wangeonekana. Hakumtaja daktari wala foleni. Mama alimsikiliza macho yakiwa kwenye shuka.

"Kwa nini ulisimama?" aliuliza.

"Nilidhani huumwi, mama."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa ameacha kutafuna.

"Nani alikwambia siumwi?"

Chupa ya chai ilikuwa nzito, nikaihamishia mkono wa pili. Mke wangu hakugeuka kunitazama. Ningesema chochote angegeuka, nilijua, alikuwa ananisubiri kwa mgongo.

"Hakuna, mama," alisema. "Ni mimi."

Mama aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayethibitishiwa jambo alilokuwa akilihofia. Kisha akanyoosha mkono unaotetemeka, akauelekeza kwangu, akasema, "Mwanangu, nipe maji." Nikampa. Nilimshikia kikombe mpaka akamaliza.

Tulimrudisha nyumbani. Hakumfokea mkwewe hata siku moja, na laiti angefanya hivyo. Alianza tu kumwambia asante kwa kila kitu, kama mgeni. Homa ikimgusa hataki kidole chake kiguswe na mke wangu. Huwa ananisubiri mimi nifunge kibanda, nimpeleke kituo cha mbali, na njiani hunishika mkono. Mke wangu hutuandalia maji ya kunywa ya njiani.

Mara moja tu nilimfuata jikoni. Nilimuuliza kwa nini hakunitaja. Nilitaka, nadhani, aniambie amenisamehe, ili mambo yaishe hapo. Alikuwa anasugua sufuria na hakuacha.

"Nililoandika ni langu," alisema. "Ulilosema ni lako. Siwezi kukusemea."

Nikasema sawa. Nilisema nitamwambia mama akipata nguvu zaidi. Alipata nguvu zaidi. Nikasema ngoja watoto wafunge shule, kisha waliporudi nikasema si vizuri kuharibu likizo yao. Nimefungua kufuli za watu waliokaa nje usiku na watoto, nimefungua sanduku lililozama mtoni. Hili la kufungua mdomo mbele ya mama yangu limenishinda mwaka wa pili sasa.

Jumapili iliyopita fundi cherehani alikuja na mumewe kumsalimu mama. Tuliketi sebuleni, mlango wazi, mke wangu akaleta chai. Mazungumzo yalifika kwenye ule ugonjwa, kama yanavyofika kila mara, na mama akaanza kusimulia. Alisimulia baridi, ukuta aliokuwa anaushika njiani, benchi. Alipofika kwangu aliweka kikombe chini kwa mikono miwili.

"Nyumba nzima, huyu mwanangu peke yake ndiye aliyejua naumwa," alisema. "Alinipeleka mwenyewe kwa miguu. Wengine mimi niliwachosha."

Mume wa fundi cherehani alinipigapiga begani. Mkewe akamtupia mke wangu jicho la haraka, kisha akaliondoa. Mke wangu alikuwa amefika kwenye kikombe changu na birika. Hakumimina. Alisimama na lile birika, akanitazama usoni, waziwazi, mbele ya watu wote, na sebule ikanyamaza kwa sababu kila mtu aliona kwamba kuna neno linalosubiriwa. Mama naye aligeuka kunitazama, huku bado anatabasamu.

Nikaomba sukari.

Mke wangu alimimina chai, akatia vijiko viwili ninavyopenda, akanikorogea.